Prosesa imeshushwa volti na kompyuta haitulii: kusoma dalili na kupata chanzo

Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hutegemea kasi yake na mraba wa volti inayopewa. Ukitoka volti 1.25 ukaenda 1.15 bila kugusa kasi, sehemu hiyo ya matumizi hupungua kwa takriban asilimia 15. Joto linashuka, feni zinatulia, na kazi inaenda mwendo uleule. Ndiyo sababu watu wanashusha volti, na ni sababu nzuri.

Shida ni kwamba prosesa haina taa ya kukuonya kuwa umepitiliza. Transista ikipewa volti ndogo hugeuka taratibu zaidi. Ikifika mahali ambapo ishara inachelewa hadi mpigo wa saa unaofuata unaikuta njiani, jibu la hesabu linatoka na kosa. Kosa hilo likiangukia kwenye anwani ya kumbukumbu, kompyuta inaganda au inajiwasha upya. Likiangukia kwenye picha zako au hesabu za ofisini, huoni kitu: faili linahifadhiwa likiwa limeharibika.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, dalili zote zinazofuata zinasomeka kirahisi. Prosesa haina volti moja. Ina mstari mzima wa jozi za kasi na volti. Ikiwa haina kazi inaweza kukaa karibu na volti 0.7 na kasi ndogo kabisa. Kiini kimoja kikirukia kileleni inaweza kuomba volti 1.35 na zaidi. Viini vyote vikilemewa kwa pamoja, kasi na volti zinakaa katikati. Ukiondoa milivolti 80 (mV 80), umeziondoa kwenye mstari wote, lakini akiba iliyokuwepo haikuwa sawa kila mahali. Sehemu moja itabeba upungufu huo bila tabu, nyingine itashindwa. Kila hitilafu inapotokea, jiulize kwanza prosesa ilikuwa sehemu gani ya mstari.

Hakikisha msingi ni mzima

Kabla ya kuilaumu volti, rudisha BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) kwenye mipangilio ya kiwandani, zima XMP au EXPO (mipangilio ya kuiongezea RAM kasi), kisha endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi na uiache imalize mizunguko kadhaa. Washa tena XMP au EXPO, rudia. Kosa hata moja la RAM linatosha kusimamisha zoezi zima, kwa sababu RAM mbovu hutoa dalili zilezile za volti ndogo: skrini ya bluu, programu kujifunga, mafaili kuharibika. Ukianza kushusha volti juu ya RAM isiyotulia utazunguka bila kujua unachotafuta.

Baada ya hapo endesha jaribio zito ukiwa na volti za kiwandani na uandike mahali joto, volti, kasi na alama za programu ya kupima uwezo unayoipenda. Baadaye utazihitaji namba hizo kuliko unavyodhani. Fanya pia nakala rudufu ya vitu vyako kwenye diski nyingine, kisha uichomoe. Kompyuta inayozima katikati ya kuandika diski inaweza kuharibu mfumo wa mafaili.

Anza kubadilisha volti ukiwa ndani ya mfumo endeshi kwa programu ya kazi hiyo: XTU au ThrottleStop kwa Intel, Ryzen Master kwa AMD. Kompyuta ikiganda, unaiwasha upya na volti ya zamani inarudi yenyewe, mradi hujaiambia programu ipakie mpangilio huo kila ikiwaka. Ukishapata namba inayotulia, ndipo uihamishie BIOS. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na usishushe volti ya kadi ya michoro wiki hiyohiyo.

Inazima au kujiwasha upya ikiwa haina kazi nzito

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi. Prime95, programu ya jaribio zito, imepita usiku kucha, asubuhi unafungua kivinjari na kompyuta inajiwasha upya. Watu hudhani haiwezi kuwa volti kwa kuwa jaribio zito limepita. Inaweza, na mara nyingi ndiyo.

Jaribio zito la viini vyote huibana prosesa kwenye kasi ya kati, kwa sababu ya ukomo wa wati na joto. Haijawahi kufika kileleni usiku ule wote. Unapofungua kivinjari, kiini kimoja au viwili vinaruka hadi kasi ya juu kabisa kwa sekunde chache, na hapo ndipo volti iliyopunguzwa inakuwa haitoshi. Kwenye prosesa za AMD Ryzen zenye Curve Optimizer (mpangilio wa kushusha mstari wa volti kwa hatua, hata kiini kimoja kimoja) hali hii ni ya kawaida sana. Kila hatua moja ya Curve Optimizer ni takriban mV 3 hadi 5, kwa hiyo kuweka hasi 30 kwa viini vyote ni kuondoa kitu kama mV 90 hadi 150. Viini havifanani. Vile ambavyo kiwanda kimevipa alama ya kuwa bora, na ambavyo Windows huvipa kazi kwanza, mara nyingi ndivyo vinavyovumilia punguzo dogo zaidi, kwa kuwa tayari vinakimbia kasi kubwa kwa volti iliyobanwa.

Dawa yake ni kupima kiini kimoja kimoja. CoreCycler imetengenezwa kwa kazi hiyo: inaendesha Prime95 kwenye kiini kimoja, inasubiri, inahamia kingine. Mpe kila kiini muda wa kutosha na uiache izunguke zaidi ya mara moja. Tumia hali ya SSE, kwa sababu mzigo wake ni mwepesi kuliko wa AVX (zote mbili ni aina za maelekezo ya hesabu ya prosesa) na unakiacha kiini kipande hadi kasi yake ya juu. Kiini kikishindwa, kipunguzie ukali hatua 3 hadi 5 hichohicho peke yake, vingine uviache. Kwenye Linux unaweza kufanya jambo lilelile kwa taskset na stress-ng, ukibadilisha namba ya kiini:

taskset -c 3 stress-ng --cpu 1 --verify -t 20m

Chaguo la --verify ni la lazima hapo. Bila hilo programu inachoma umeme tu bila kukagua majibu.

Kuna chanzo cha pili, nacho kiko upande wa pili wa mstari. Punguzo la volti la namna moja hukata pia chini kabisa, kompyuta ikiwa imetulia. Volti 0.7 ukiondoa 0.1 inabaki 0.6, na hapo prosesa inaweza kuganda ikiwa inaingia au kutoka usingizini. Ukiona inaganda hasa ukiiacha bila kuigusa, na picha imebaki kwenye skrini lakini kipanya hakisogei, jaribu kuzima hali za usingizi wa kina, zile zinazoitwa C-states kwenye BIOS, kwa siku moja. Hitilafu ikitoweka, umepata sehemu. Kisha ziwashe tena na upunguze ukali wa punguzo. Kuziacha zimezimwa moja kwa moja ni kutupa umeme uleule uliokuwa unauokoa. Baadhi ya ubao mama za Intel zinaruhusu punguzo tofauti kwa kila nukta ya mstari wa kasi na volti. Ukiwa nayo, acha nukta za chini kama zilivyo na ukate katikati, maana ndiko joto linakotoka.

Jaribio zito linaanguka ndani ya dakika chache

Hii ni rahisi kuisoma. Volti ya mzigo mzito haitoshi. Kabla ya kurudisha namba, angalia volti halisi wakati wa mzigo kwenye HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, na usichanganye VID na Vcore. VID ni ombi la prosesa. Vcore ni kipimo cha kile kinachofika.

Tofauti baina yao huletwa na ukinzani wa njia ya umeme. Miliomu 1 ikipitiwa na ampea 100 inashusha volti 0.1 nzima. Ndiyo maana mpangilio unaoonekana salama ukiwa umetulia unakosa nguvu mzigo ukipanda. Load-Line Calibration ya ubao mama hubadilisha kiasi cha mteremko huo. Ukiiweka ngazi kali, volti haishuki sana chini ya mzigo, lakini mzigo ukiachiwa ghafla volti inaruka juu kwa muda mfupi. Mimi huiacha ya kiwandani au ngazi ya kati na kurekebisha punguzo lenyewe. Ukiibadilisha, anza majaribio upya kabisa, maana mstari mzima umehama.

Kama jaribio linaanguka kwa AVX tu na mengine yote yanapita, mpangilio wako uko ukingoni. Wapo wanaosema hawatumii AVX. Programu nyingi za video, picha na michezo zinaitumia bila kukuambia. Rudisha mV 10 hadi 20.

Prime95 inaendelea lakini mfanyakazi mmoja amesimama

Kompyuta haijaganda, hakuna skrini ya bluu, ila kwenye dirisha la sehemu moja ya jaribio (Prime95 huiita worker, mfanyakazi) kuna mistari miwili ya namna hii:

FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4
Hardware failure detected, consult stress.txt file.

Huo ni ushahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu programu inajua jibu sahihi na imeona jibu lisilo sahihi. Usiseme ni kosa moja tu kati ya saa nyingi. Kosa moja ndilo linaloharibu faili. Ukichagua aina ya jaribio iitwayo Small FFTs, hesabu zinakaa ndani ya kache ya prosesa, hivyo kosa linaelekeza kwenye viini au kache. Ukichagua Large au Blend, RAM na kidhibiti chake vinaingia kwenye kesi. Kwa hiyo Small ikipita na Blend ikianguka, rudi kwenye RAM na volti ya kidhibiti kabla ya kuigusa volti ya viini.

y-cruncher, programu nyingine ya jaribio, ni kali kwa namna nyingine: inapanda na kushuka mzigo, na hunasa makosa ambayo Prime95 imeyapitisha. Ningechagua saa mbili za kila moja badala ya saa kumi za moja.

Kasi inasomeka ileile, alama zimeshuka

Hapa hakuna kinachozima, na ndiyo maana watu wanaishi na tatizo hili kwa miezi wakijisifu kuwa wameshusha volti sana. Joto liko chini, HWiNFO inaonyesha GHz 4.7, hakuna kosa hata moja. Ila Cinebench, programu ya kupima uwezo, inatoa alama pungufu kuliko zile ulizoandika mwanzoni.

Kwenye AMD, prosesa ikihisi volti imeshuka chini ya inavyohitaji, huirefusha mipigo ya saa ili isikosee. Kasi inayotangazwa inabaki ileile, kasi halisi inapungua. Tafuta kwenye HWiNFO mstari wa Effective Clock ukiwa umepakia viini vyote asilimia 100. Ukitangaziwa GHz 4.7 na mstari huo unasoma 4.4, hujashusha volti bali umeshusha kasi kwa njia ya siri. Usiulinganishe kompyuta ikiwa imetulia, kwa sababu hapo usingizi wa viini unaingia kwenye wastani na namba inakuwa ndogo bila kosa lolote.

Kwenye Intel za kizazi cha 12 na kuendelea kuna ulinzi unaoitwa CEP. Ukiona volti inayofika iko chini sana ya ile prosesa inayotarajia, unakata uwezo. Dalili ni ileile: kasi iko juu, wati zimeporomoka, alama zimeanguka. Baadhi ya ubao mama hukuruhusu kuuzima kwenye BIOS. Nyingine hazikupi nafasi hiyo, na hapo suluhisho ni kupunguza ukubwa wa punguzo mpaka alama zirudi.

Kwa sababu hii kila hatua ya kushusha volti ifuatwe na kipimo cha alama, hata kama kila kitu kinaonekana shwari.

Umebadilisha namba na hakuna kilichotokea

Joto lilelile, wati zilezile. Kwenye Intel chanzo cha kwanza ni kufungwa kwa njia ya kubadilisha volti kutoka ndani ya mfumo endeshi. Mwezi Desemba 2019 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Plundervolt, ambapo mshambuliaji aliweza kushusha volti makusudi ili kuvuruga hesabu za eneo lililolindwa la SGX. Masasisho ya BIOS na mikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) yaliyofuata yakaifunga njia hiyo kwenye mashine nyingi. Kitelezi cha programu kinasogea, prosesa haisikii. Angalia kwenye BIOS kama kuna mpangilio unaoitwa Undervolt Protection na uuzime, au shusha volti ndani ya BIOS yenyewe.

Chanzo cha pili: kwenye prosesa nyingi za mezani za Intel, viini na kache hula kwenye njia moja ya umeme, na ombi kubwa ndilo linaloshinda. Ukishusha viini mV 100 na kuiacha kache, kache inaendelea kuomba volti ya zamani na viini vinaipata hiyohiyo. Shusha vyote viwili.

Umeshusha kasi lakini joto halijashuka

Hili ni la wanaopunguza kasi badala ya volti, au vyote kwa pamoja. Ukiweka kizidisho 36 kwenye kasi ya msingi ya MHz 100 unapata GHz 3.6, lakini kama volti imewekwa namba ya kudumu, prosesa inaendelea kupewa volti ya GHz 4.8. Unapata faida ndogo ya kasi, ile kubwa ya mraba wa volti unaikosa. Rudisha volti kwenye hali ya kujirekebisha ili ishuke pamoja na kasi, kisha ndipo uongeze punguzo juu yake.

Punguza kizidisho tu. Kasi ya msingi ya MHz 100 kwenye ubao mama nyingi inaendesha pia PCIe na vifaa vingine, na ukiigusa unaweza kupata diski zinazopotea na kadi ya michoro inayokatika, dalili zisizohusiana na volti kabisa. Kama lengo lako ni joto na kelele pekee, kuweka ukomo wa wati, PL1 na PL2 kwa Intel au PPT kwa AMD, kunafika huko bila kuhatarisha uthabiti hata kidogo.

Skrini ya bluu, au kujiwasha upya bila neno

Andika namba ya kosa. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, yaani 0x124, maana yake prosesa yenyewe imeripoti kosa la vifaa. CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, yaani 0x101, maana yake kuna kiini kilichoacha kuitikia. Zote mbili zikitokea baada ya kushusha volti, anza na volti. Misimbo mingine inayorukaruka, leo hii kesho ile, huashiria zaidi RAM.

Kisha fungua Event Viewer ya Windows, sehemu ya System, utafute WHEA-Logger, yaani matukio ya makosa ya vifaa. Tukio 41 la Kernel-Power usilitilie maanani sana, linasema tu kuwa kompyuta ilizima bila kuagwa. Tukio 18 ni kosa lililoua mfumo. Tukio 19 ni kosa lililorekebishwa, na hilo ndilo zawadi: kompyuta haikuzima, hukuona kitu, lakini prosesa imekiri kuwa iliteleza. Ndani ya maelezo utaona mstari wa Processor APIC ID. Kwenye prosesa ya viini vinavyofanana vyenye nyuzi mbili kila kimoja, gawa namba hiyo kwa mbili: APIC ID 6 na 7 kwa kawaida ni kiini cha 3 ukihesabu kuanzia 0. Ukikuta kiini kilekile kinajirudia kwenye matukio kadhaa, huhitaji kubahatisha tena. Kwenye Linux tafuta neno mce ndani ya journalctl -k.

Mafaili yanaharibika

Faili la zip linalokataa kufunguka kwa kosa la CRC (ukaguzi wa uzima wa data), usakinishaji wa mchezo unaoshindwa kila mara mahali tofauti, ukusanyaji wa programu unaokatika kwa Segmentation fault kisha ukirudia unapita. Neno la kushika ni "tofauti". Faili bovu hukosea mahali palepale kila mara. Prosesa isiyotulia hukosea popote.

Chukua faili kubwa, ila liwe dogo kuliko RAM yako ili baada ya usomaji wa kwanza lisisomwe tena kutoka diski, na uhesabu alama yake ya utambulisho (hash) mara nyingi mfululizo, kwenye Linux:

for i in $(seq 50); do sha256sum faili.iso; done | sort | uniq -c

Mstari mmoja ukitoka, wenye namba 50, ni sawa. Ikitoka mistari miwili, acha kila kitu na urudishe volti za kiwandani sasa hivi. Kagua mafaili uliyoandika tangu uanze kushusha volti, hasa yale uliyobana au kunakili, na ulinganishe na nakala rudufu. Jaribio likifeli hata kwa volti za kiwandani, rudi Memtest86+.

Haiwaki kabisa, au inashindwa asubuhi tu

Isipowaka kabisa, zima, chomoa umeme, tumia pini za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwenye ubao mama au toa betri ndogo kwa dakika chache. BIOS itarudi ya kiwandani.

Ikishindwa mara ya kwanza ya siku na kutulia baada ya kupata joto, usishangae. Kwenye volti ndogo sana transista za kisasa huwa nzito zaidi zikiwa za baridi. Jaribio lililofanywa mashine ikiwa na moto halijagusa hali hiyo. Zima kompyuta hadi ipoe, iwashe, endesha jaribio la kiini kimoja kimoja mara moja. Pima vivyo hivyo baada ya kuitoa usingizini.

Rudi nyuma kiasi gani

Ukishaipata namba ya mwisho inayopita kila jaribio, usikae juu yake. Rudisha mV 15 hadi 25, au hatua 3 hadi 5 za Curve Optimizer. Msimu wa joto, vumbi kwenye feni na kuzeeka kwa prosesa vyote vinakula akiba hiyo taratibu. Kisha itumie kompyuta kama kawaida kwa wiki mbili hivi, ukifungua Event Viewer kila baada ya siku chache kutafuta tukio 19. Ukisasisha BIOS, mstari wa volti unaweza kuwa umebadilishwa na mikrokodi mpya, hivyo punguzo la zamani lisirudishwe bila kupimwa. Anza tena na volti za kiwandani, chukua alama mpya, ndipo ushuke.